Maji Tahiri na Bakteria wa Kipindupindu

Ndugu zangu, kwenye somo la fiqhi tulifundishwa kuwa maji yaliyofika qullatayn hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Basi mwenzangu wa chumba alipougua kipindupindu, nilikataa katakata kulishuku tangi letu la udhu. Maji yalikuwa maangavu! Rafiki yetu anayesomea udaktari akanichorea bakteria mwenyewe.

Ni seli moja tu, imepinda kama alama ya mkato. Haina kiini; vinasaba vyake vimo ndani ya saitoplazimu bila kuzungushiwa utando. Nje ina ukuta mwembamba, juu yake utando mwingine, na nyuma mkia mmoja wa kuogelea. Haitoboi utumbo. Hujishikiza kwenye ukuta wake na kutoa sumu, na sumu hiyo huzilazimisha seli za utumbo zimwage chumvi. Maji ya mwili huifuata chumvi, mtu akakauka kwa saa chache. Ndiyo sababu tiba ya kwanza ni kurudisha vyote viwili: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mwenzangu alihitaji dripu, alhamdulillahi akapona.

Tangi halikupimwa, lakini hoja yangu ilikuwa imekwisha. Bakteria hao wakijaa kwenye ndoo hawabadilishi rangi wala harufu. Fiqhi ilinijibu kuhusu udhu. Mimi nikaifanya ijibu kuhusu kunywa. Siku hizi tangi linatiwa klorini, na kusukutua nasukutua kwa maji yaliyochemshwa.