Antivairasi ya Kulipia: Unanunua Nini Hasa?

Laptopu nyingi mpya zinakuja na programu ya ulinzi ya majaribio. Muda wa majaribio ukiisha, linaanza kuruka dirisha jekundu: kompyuta yako iko hatarini, lipia sasa. Kama bumu limeingia juzi, ni rahisi kulipa ili kelele ziishe. Somo hili ni la kusoma kabla hujalipa. Hoja yake ni moja: kama Windows yako bado inasasishwa, kinga ya msingi unayo tayari bila malipo, hivyo lipia kifurushi pale tu unapoweza kuitaja kazi unayotaka kikufanyie.

Ndani ya kifurushi kuna nini?

Vifurushi hivi vya "kila kitu humohumo" kwa kawaida vina kizuia virusi, ukuta wa kuchuja mawasiliano ya mtandao, kitunza nywila, VPN na udhibiti wa wazazi. Sasa tulinganishe na ulichonacho. Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender pamoja na ukuta wake, na vyote vimewashwa tangu mwanzo. Chrome na Firefox zinatunza nywila. Udhibiti wa wazazi unapatikana bure kwenye Microsoft Family Safety.

Inabaki VPN. Hiyo inaficha mawasiliano yako njiani, lakini haiui virusi. Tena hapa Tanzania ina jambo la ziada: Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa zao kwake. Usiiwashe tu kwa sababu imekuja na kifurushi.

Hatari zetu zinaingilia wapi?

Mlango wa kwanza ni flashi. Unaenda steshenari kuprinti asaimenti, ukirudi kila folda imegeuka njia ya mkato. Usibofye chochote. Mara nyingi mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu. Chunguza flashi kwa Defender kwanza, kisha mwenzako anayeijua amri ya attrib akusaidie kuyafichua.

Mlango wa pili ni programu za kukraki. Maelekezo yake mara nyingi huanza na "zima antivairasi kwanza". Ukizima, umemfungulia mgeni mlango kwa mkono wako mwenyewe, na hata kifurushi cha bei kubwa hakina la kufanya.

Mlango wa tatu ni kurasa za uongo zinazofanana na ukurasa wa kuingilia akaunti yako. Defender na vifurushi huzuia baadhi, lakini nyingine hupita. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe yako, maana anayeishika hiyo anaweza kubadilisha nywila za akaunti zako nyingine.

Maswali manne kabla ya kutoa hela

1. Je, Windows yangu bado inasasishwa? Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Antivairasi haizibi tundu lililo ndani ya Windows yenyewe. Mwaka 2017 WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Kumbe Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka Machi, miezi miwili kabla. Kwa hiyo bando la kusasisha lina faida kuliko leseni ya kulipia kwenye Windows iliyoachwa.

2. Nalinda vifaa vingapi? Kwa laptopu moja, sababu ya kulipa ni ndogo. Lakini nyumbani penye kompyuta ya mzazi, ya mdogo wako na simu kadhaa, leseni moja ya vifaa vitano inayosimamiwa na mtu mmoja inaweza kuwa na maana.

3. Nani ameipima? Usiamini nyota za tangazo. AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria hupima programu hizi na kuweka matokeo wazi. Tazama mambo matatu: inazuia kiasi gani, inaipunguzia kompyuta kasi kiasi gani, na inashutumu mafaili safi mara ngapi. Mwenye RAM ya GB 4 asiruke hilo la pili. Na soma matokeo ya vipindi kadhaa, kwa sababu washindi hubadilika.

4. Kampuni inapata wapi hela? Avast ilikuwa ikikusanya taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake walitembelea, nazo zikauzwa kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020. Mwaka 2024 FTC ya Marekani iliiamuru ilipe dola milioni 16.5. Kwa hiyo hata ukichagua ya bure, soma inachukua nini. Ukichagua ya kulipia, angalia bei ya mwaka wa pili, maana ya kwanza mara nyingi ni punguzo, na malipo yanaweza kujirudia yenyewe.

Ukishachagua, weka moja tu. Antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hugombana na kuipa mashine uzito.

Kinga isiyo kwenye boksi

Hakuna programu inayozuia asilimia mia moja. Ikishindikana, kinachookoa tasnifu yako ni nakala. Weka nakala tatu: moja kwenye laptopu, moja kwenye flashi au diski ya nje, na moja kwenye wingu. Akaunti ya Google inakupa GB 15 bure, zinatosha kabisa kwa maandishi ya miaka yote ya chuo. Hiyo flashi ichomoe ukimaliza, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili hufunga na yaliyomo kwenye kila kilichochomekwa.

Zoezi la leo

Fungua Windows Security uone kama alama zote ni za kijani. Fungua Windows Update, sasisha. Nakili tasnifu yako sehemu mbili, kisha ifungue kila nakala kuhakikisha inasomeka. Ukimaliza hayo, andika kwenye karatasi kazi ambayo bado unahitaji kifurushi kikufanyie. Kama karatasi imebaki tupu, hela yako itumie kwa kitu kingine.