Nani Apange Matunzo ya Mzee? Maswali na Majibu kwa Familia za Uvira

Watoto wengi wa Uvira wanaishi mbali: Bujumbura, Nairobi, Kanada, Marekani. Wazazi wamebaki Kalundu, Mulongwe au Kavimvira. Pesa zinatumwa, na bado kuna wazee wanaokosa dawa. Muuguzi anayeshauri familia kuhusu matunzo ya wazee anajibu maswali anayoulizwa mara kwa mara.

Nasikia Marekani kuna watu wanaolipwa kupanga matunzo ya wazee. Wanafanya nini?

Wapo, na chama chao kilianzishwa mwaka 1985. Sasa kinaitwa Aging Life Care Association. Wengi wao ni wauguzi au wataalamu wa ustawi wa jamii. Mpangaji hamwogeshi mzee wala hampikii. Anafika nyumbani kuangalia jinsi anavyotembea, anachokula, dawa anazomeza, na nani yuko karibu naye usiku. Kisha anaandika mpango, anatafuta watu wa kuutekeleza, na anawaeleza watoto yanayoendelea.

Sisi wa Uvira tumpate wapi?

Msihangaike na cheo, tafuteni mtu wa kuifanya kazi yenyewe. Muuguzi wa ngazi ya A1 au A2 mwenye sifa nzuri anaiweza, hata kama amestaafu. Anzeni kwa kumuuliza muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha mtaa. Mkipata mtu, andikeni mapatano: atafika mara ngapi, atalipwa kiasi gani, ataripoti kwa nani. Asiwe yeye huyo huyo anayewauzia dawa, na karatasi za kiwanja cha mzee zisipitie mikononi mwake.

Dada yetu anaishi na mama. Hiyo haitoshi?

Dada anaogesha, anapika, anaamka usiku, na biashara yake sokoni inakufa. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawadai matunzo watoto wote, kila mmoja kwa uwezo wake. Asiyekuwepo nyumbani alipe msaidizi wa siku kadhaa kwa juma ili dada apumzike. Dada naye apewe kitu cha mkononi kila mwezi bila kuomba.

Kila ndugu anatuma kwa M-Pesa au Airtel Money anapopata. Tubadilishe nini?

Wekeni tarehe moja ya mchango, mpokeaji mmoja na daftari moja. Risiti zipigwe picha na kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Dawa za presha na sukari ndizo za kwanza kununuliwa, kwa sababu mgonjwa akizikatisha anaweza kupooza au kuzimia. Baada yake chakula, msaidizi, na akiba ya hospitali. Kabla ya kujiunga na mutuelle ya afya, ulizeni inalipia hospitali zipi na mtasubiri miezi mingapi.

Chunguzeni pia pensheni. Wapo wazee waliofanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichosimama 1996. Kama mzee alikatwa michango ya INSS, ambayo leo ni CNSS, pelekeni karatasi zake ofisini zikaangaliwe.

Baba anasahau sana, na majirani wameanza kunong'ona uchawi.

Msikae kimya. Kivu Kusini kuna vikongwe waliouawa kwa tuhuma kama hizo. Mpelekeni hospitali: maambukizi, sukari iliyoshuka au mchanganyiko wa dawa huweza kumvuruga mtu akili ghafla, na hayo hutibika. Hata akikutwa na ugonjwa wa kusahau usiopona, huo ni ugonjwa wa ubongo. Mwelezeni hivyo shefu wa avenyu na kiongozi wa kanisa au msikiti, waseme nao mtaani.

Je, mafuriko na vita?

Aprili 2020 mto Mulongwe ulibomoa nyumba na kuua watu. Mwaka 2025 maelfu walikimbia vita na kuvuka kuingia Burundi. Andikeni mapema nani atambeba mzee, kwa chombo gani, na atafikia kwa nani. Mfuko wake uwe tayari: kadi ya mpiga kura, karatasi za hospitali, dawa za wiki mbili, miwani, na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi.

Mama hataki mgeni nyumbani kwake. Tumlazimishe?

Hapana. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kongo kinampa mzee haki ya kulindwa kulingana na mahitaji yake ya mwili, akili na utu, na akili yake ingali yake. Aulizwe kwanza: nani amwogeshe, anataka kulala wapi, nini hataki. Mleteni msaidizi kwa saa chache, wazoeane.

Iteni kikao mzee akiwa bado anasimama, naye akiwemo. Msitoke hapo kabla ya kukubaliana juu ya msimamizi mmoja, tarehe ya mchango na daftari.