Nani Anakanyaga Breki? Femuwea, Dreva na Pini za Laptopu Yako

Boom likiingia, wengi wetu tunakwenda mjini kutafuta laptopu ya mtumba. Ukifika geto inawaka, safi, unaanza kuandika ripoti. Baada ya wiki mbili unaamua kupiga Windows upya ili mashine iwe nyepesi, na hapo ndipo tachipadi inagoma. Mshale umeganda katikati ya kioo. Ukiipeleka kwa fundi asiye na subira, jibu ni fupi: "Tachipadi imekufa, lete hela tubadilishe." Hela yenyewe ndiyo ya kula mpaka mwisho wa mwezi.

Inawezekana kabisa tachipadi ni nzima. Kilichokosekana ni dreva moja ndogo ambayo wengi hatujawahi hata kusikia jina lake: dreva ya pini. Mimi nasoma ualimu, si uhandisi, lakini somo hili linafundishika bila hesabu ngumu. Mwisho wake uweze kueleza mambo matatu: pini ni nini, kwa nini femuwea haizigusi yenyewe, na ufanye nini kabla ya kutoa hela.

Pini ni nini

Kwenye madabodi kuna chipu zenye vigusio vingi vidogo vya chuma. Baadhi vimepewa kazi maalumu tangu kiwandani: hiki cha umeme, kile cha kumbukumbu. Vingine havina kazi ya kudumu. Anayetengeneza laptopu ndiye anayeamua avitumie kwa nini. Hizo ndizo zinaitwa GPIO, yaani pini za kuingiza na kutoa kwa matumizi ya jumla.

Pini ya GPIO inajua maneno mawili tu: juu au chini, moja au sifuri. Ikiwekwa kutoa, inaweza kuruhusu umeme uende kwenye kamera, au kuamsha kifaa kilicholala. Ikiwekwa kupokea, inasikiliza. Kwenye laptopu nyingi za miaka ya karibuni, ukigusa tachipadi, tachipadi inabadilisha hali ya pini moja kama mtu anayebisha hodi: "Njoo usome, kidole kimesogea."

Sasa tatizo liko hapa. Laptopu hii inawasha kamera kwa pini ya 40, ile ya kampuni nyingine inatumia pini ya 73. Waliotengeneza Windows hawawezi kukariri nyaya za kila modeli duniani, na wa Linux vilevile. Anayejua ni yule aliyechora madabodi. Kwa hiyo ujuzi huo anauandika ndani ya femuwea, ile programu inayokaa kwenye chipu ya madabodi na kuamka kabla ya mfumo endeshi. Wengi tunaiita BIOS tu.

Makubaliano ya kuongea

Zamani femuwea ilikuwa inajiamulia mambo mengi. Chini ya utaratibu wa APM wa mwaka 1992, BIOS ilishughulikia umeme yenyewe, na mara nyingine mfumo endeshi ulikuwa haujui kinachoendelea. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walitoa utaratibu mpya unaoitwa ACPI, ambao tangu mwaka 2013 unasimamiwa na UEFI Forum. Katika ACPI, femuwea inaleta majedwali yenye maelezo ya vifaa pamoja na maagizo mafupi yaliyoandikwa kwa lugha ndogo iitwayo AML. Femuwea ndiyo iliyoyaandika maagizo hayo, ila anayeyasoma na kuyatekeleza ni mfumo endeshi.

Toleo la ACPI 5.0, la Desemba 2011, liliongeza jambo linalotuhusu leo: eneo linaloitwa GeneralPurposeIo. Ndani yake, agizo la femuwea linaweza kusema "weka moja hapa", na "hapa" pakawa ni pini fulani ya chipu fulani. Mfumo endeshi ukikuta agizo hilo, unalipeleka kwa dreva ya chipu ya GPIO, na dreva ndiyo inayoipandisha pini. Windows ilianza kuhudumia pini kwa njia hii kwenye Windows 8, mwaka 2012. Linux ilipokea kazi hiyo mwaka 2014.

Daladala ya Airport

Nilipokuwa BTP katika shule moja ya sekondari hapa Ilemela, niliwaeleza wanafunzi wa kipindi cha kompyuta hivi: panda daladala ya Airport. Abiria anajua anashuka Pasiansi. Dereva hajui kwako ni wapi. Abiria anamwambia konda, konda anapiga bodi na kuita "Pasiansi shusha!", dereva anakanyaga breki. Abiria ni femuwea, maana ndiye ana habari. Konda ni mfumo endeshi, anapokea ombi na kulifikisha. Dereva ni dreva. Mguu unaogusa breki ni mmoja.

Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini abiria asikanyage breki mwenyewe, si anajua anaposhuka?" Swali zuri kuliko mengi ya mitihani, na majibu yako mawili.

La kwanza ni mgongano. Chukua chipu rahisi ambayo pini nane zinakaa kwenye rejista moja, tunazihesabu kutoka kulia kuanzia sifuri. Zote ziko chini: 00000000. Dreva inataka kupandisha pini ya 2. Inasoma rejista, inaandaa 00000100. Kabla haijaandika, femuwea inajipitia pembeni na kutaka pini ya 5. Nayo inasoma 00000000, inaandika 00100000. Kisha dreva inamalizia kazi yake, inaandika 00000100. Angalia tena pini ya 5: imerudi chini. Hakuna aliyekosea hesabu, lakini kifaa kilichokuwa kimewashwa kimezimwa, na ukikitafuta chanzo hukioni kwa sababu kesho mambo yanaweza kutokea kwa mpangilio mwingine. Ombi likipitia kwa dreva, dreva inamaliza moja ndipo inashika jingine.

Jibu la pili ni kwamba breki yenyewe inaweza kuwa mbali. Pini nyingine haziko kwenye chipu kuu. Ziko kwenye chipu ndogo iliyounganishwa kwa waya za I2C. Kuifikia unatuma anwani, unasubiri jibu, ndipo unatuma thamani, na waya hizo hizo zinatumiwa na vifaa vingine. Chipu inaweza pia kuwa imelazwa ili kuokoa betri. Dreva inajua foleni hiyo na inajua nani amelala. Agizo la mistari miwili la femuwea halijui.

Dereva akiwa hajafika

Abiria akipiga kelele "shusha" wakati dereva bado anakunywa chai stendi, hakuna breki itakayokanyagwa. Waandishi wa ACPI walilifikiria hilo. Dreva ya GPIO ikishakaa kwenye kiti, mfumo endeshi unaendesha agizo la femuwea liitwalo _REG kuijulisha kwamba eneo la pini liko tayari. Femuwea iliyoandikwa vizuri inasubiri habari hiyo kabla ya kuomba chochote.

Kama dreva haipo kabisa, ombi linakosa mpokeaji. Kwenye Linux unaweza kukuta kumbukumbu za mfumo zimeandika No handler for Region, yaani eneo hili halina wa kulihudumia. Kwenye Windows unaona tu kifaa hakifanyi kazi. Ile hodi ya tachipadi nayo haisikiki, kwa kuwa pini inayobishwa haina anayeisikiliza. Ndiyo maana Windows ikipigwa upya bila dreva za chipseti, tachipadi nzima inaweza kulala kama maiti, huku kipanya cha USB kinafanya kazi vizuri. USB ina barabara yake, haipiti kwenye pini hizo.

Kabla hujatoa hela

Kwanza, chomeka kipanya cha USB ili upate mkono. Fungua Device Manager uangalie vifaa vyenye alama ya njano. Bofya kimoja, nenda kwenye maelezo, soma kitambulisho chake cha hadiwea. Ukiona AMDI0030, hiyo ni GPIO ya AMD. Ukiona INT344B, hiyo ni GPIO ya Intel kwenye laptopu nyingi za kizazi cha sita na cha saba. Hapo tatizo lako limeshataja jina lake.

Pili, andika modeli kamili iliyoko chini ya laptopu, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, shusha dreva za chipseti, za GPIO na za I2C. Kwa Intel zile mbili za mwisho kwa kawaida zinakaa kwenye kifurushi kinachoitwa Serial IO. Usishushe kwenye tovuti za vichochoroni zinazokuahidi dreva zote za dunia. Ukishapata, zihifadhi kwenye flashi, na roomate naye afaidike.

Tatu, kama bado una shaka, washa mashine kwa flashi ya Linux bila kuinstall chochote. Tachipadi ikifanya kazi pale, una ushahidi kwamba kifaa ni kizima. Ikigoma hata pale, bado si hukumu ya mwisho, lakini sasa ni halali fundi afungue na kuangalia waya.

Wala sisemi mafundi ni wezi. Wapo wanaofanya hatua hizi zote kabla ya kushika bisibisi, na hao ndio wa kuwapelekea kazi. Ninachosema ni kwamba mteja anayejua kuuliza "umeangalia dreva ya GPIO?" anapata huduma tofauti na yule anayesema "haifanyi kazi tu".

Kwa walimu wenzangu watarajiwa kuna zaidi. Shule nyingi tutakazopangiwa zina kompyuta za msaada zilizofutwa na kupigwa Windows upya. Baadhi zitarundikwa stoo zikiitwa mbovu. Mwalimu mwenye flashi ya dreva na saa mbili za Jumamosi anaweza kurudisha mezani mashine ambazo wanafunzi arobaini wangezigombania.

Jipime: (1) Kati ya femuwea na dreva, nani anajua pini ya kamera ni ipi, na nani anaigusa? (2) Rudia mfano wa rejista ukianza na 00000001; pini zipi zitabaki juu mwishoni? (3) Jirani yako tachipadi imegoma lakini kipanya cha USB kinafanya kazi. Andika maswali matatu utakayomuuliza kabla hajaenda mjini.