Somo kwa Makatibu: Bei ya Gunia na Bei ya Protini



Kila msimu ufuta wa Kibiti hupimwa, huingizwa ghalani na kuuzwa mnadani. Sehemu kubwa husafirishwa nchi za nje ungali mbegu nzima. Mafuta hukamuliwa huko, na mashudu hubakia huko huko. Mwanachama yule yule aliyeuza ufuta hurudi dukani kununulia kuku wake mashudu ya alizeti kutoka Singida au Dodoma, na nauli ya lori imo ndani ya bei. Chakula ndicho kinachokula zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji wa kuku. Kwa hiyo akikosea hapa, hapati pengine pa kufidia.

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei za magunia. Mfugaji aonunua mashudu hununua protini, na mashudu hayalingani kwa protini. Tuchukue bei za mfano tu. Mashudu ya alizeti yenye protini asilimia 25 yanauzwa Sh. 800 kwa kilo; ya ufuta, yenye asilimia 40, Sh. 1,000. Gawanya 800 kwa 0.25: kilo moja ya protini ni Sh. 3,200. Gawanya 1,000 kwa 0.40: ni Sh. 2,500. Gunia lililoonekana ghali ndilo rahisi. Hata hivyo ufuta una upungufu wa laisini, kiini cha protini ambacho kuku hawezi kujitengenezea mwilini, hivyo hapana budi uchanganywe na dagaa au soya.

Pumba za mpunga zina mtego wake. Mashine nyingi ndogo hutoa pumba laini pamoja na makapi, na makapi hayamlishi kuku. Tena huuzwa kwa debe, ilhali debe halisemi uzito. Katibu na apeleke mizani mashineni, atie pumba kiganjani na kuzisugua. Wakati wa mavuno pumba huwa tele na bei hushuka. Chama chenye ghala kavu hununua wakati huo. Nasema kavu kwa makusudi, kwa sababu unyevu huzaa kuvu, na kuvu huleta sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa njia ya mahindi. Bata na vifaranga huidhurika upesi. Gunia lenye harufu ya uvundo lirudishwe, hata kama muuzaji ni jamaa.

Zoezi la darasa. Dagaa wenye protini asilimia 50 wanauzwa Sh. 3,000 kwa kilo. Kilo moja ya protini ni bei gani? Kisha tia dagaa kidogo katika bilauri ya maji na kukoroga: mchanga utazama chini. Ikiwa sehemu moja ya tano ya uzito ni mchanga, bei ya kweli ya protini ni ipi? Jibu la kwanza ni Sh. 6,000. La pili wanachama walitafute wenyewe, mbele ya muuzaji ikiwezekana.