SOMO: KUISHI KWA KIPIMO NA KUWA NA FURAHA TELE

Usomaji: Yohana 6:1-13, 2 Wafalme 4:1-7



Somo letu linahusu franga, chakula na furaha. Mwamini mmoja husema: "Nikipima kila kitu, maisha yangu yatakuwa ya huzuni." Mwingine husema: "Mungu ni mwingi wa baraka, basi tutumie leo, kesho atajua yeye." Wote wawili wasome vizuri Yohana sura ya 6. Pale mlimani watu 5,000 walikaa juu ya majani, wakala, wakashiba. Hakuna aliyepimiwa kidogo. Lakini walipokwisha kushiba, Bwana mwenyewe aliwaagiza wanafunzi waokote vipande vilivyobaki, na vikapu 12 vikajaa. Angalia vizuri: Yule aliyeweza kufanya mikate kutoka kwa mitano hakukubali vipande vitupwe. Siku ileile, mahali palepale, palikuwa na kushiba na palikuwa na kuokota. Basi vitu hivi viwili si maadui.

1. Mji wetu umetufundisha nini?

Wazee wanakumbuka. Mji huu wa Likasi uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na kisha Gécamines, ilimpa mfanyakazi nyumba, posho ya unga, hospitali na masomo ya watoto. Papa alileta mshahara, lakini gunia la unga lilikuja lenyewe. Ilikuwa msaada mkubwa, hatuwezi kukana. Lakini kulikuwa na hasara moja iliyojificha: nyumba nyingi hazikujifunza kupima, kwa sababu mwingine alikuwa anapima kwa ajili yao.

Kisha mambo yakageuka. Katika miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka. Mwaka 1994 shaba ilikuwa karibu tani 30,000 tu. Mishahara ikachelewa, posho ikakatika. Pesa nazo zikafa mikononi: mwezi wa 10 mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Aliyekuwa ameficha noti chini ya godoro alibaki na karatasi. Aliyekuwa amenunua mabati, mbuzi au mashine ya kushona alibaki na kitu.

Ni nani waliosimamisha nyumba wakati ule? Ni mama zetu kwa sehemu kubwa. Walishika jembe, wakauzisha sombe, mafuta, ndagala na makala. Hawakusoma uchumi mahali popote. Walijua tu kwamba faida ya leo haiwezi kuliwa yote leo, kwa sababu kesho lazima mtaji urudi sokoni.

Kisha, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na kila mmoja akapewa fungu lake la mwisho. Kwa mtu aliyezoea posho, fungu kubwa la mara moja ni jaribu gumu kuliko mshahara mdogo. Linaonekana kama haliwezi kwisha. Vijana wetu wanaopata leo pesa za haraka katika machimbo wako mbele ya jaribu lilelile.

2. Kipimo si ubahili

Bahili anafunga mkono hata mbele ya mtoto mgonjwa. Mwenye kipimo anafunga mkono mbele ya mambo ya bure, ili aweze kuufungua mbele ya mtoto mgonjwa. Kwa macho wanafanana, kwa moyo hawafanani. Ukitaka kujua wewe ni yupi, jiulize: kitu ninachobakiza, ninakibakizia nani?

3. Utaratibu wa mjane

Mjane wa 2 Wafalme 4 alikuwa na deni, na mwenye kumdai alikuja kuwachukua wana wake wawili wawe watumwa. Nabii Elisha hakuanza kwa kumpa pesa. Alimwuliza kwanza ana nini nyumbani. Alikuwa na mafuta kidogo. Mungu akayaongeza, na hapo nabii akampa utaratibu: auzishe mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kilichobaki. Muujiza ulikuja pamoja na utaratibu. Bila utaratibu, mafuta yale yangekwisha kwa sikukuu moja, na wale watoto wangekwenda utumwani.

Tufanye vilevile katika nyumba zetu:

(a) Papa na mama wakae pamoja siku pesa inapoingia, si siku inapokwisha. Wahesabu mbele ya Mungu bila kufichana. Nyumba ambayo papa ana mfuko wake wa siri na mama ana wake haiwezi kuweka kipimo.

(b) Deni litoke kwanza. Aliyeazima franga 100,000 kwa faida ya nusu kila mwezi, akikaa miezi miwili bila kulipa, amekwisha kudaiwa 200,000. Hakuna shamba linalozaa hivyo.

(c) Tununue kwa majira. Mahindi ni bei nafuu baada ya mavuno, mwezi wa 4 mpaka wa 6. Mwezi wa 1 mpaka wa 3 ni wakati wa njaa, na unga mwingi tunautegemea kutoka Zambia. Gunia moja lililowekwa vizuri mwezi wa 6 ni kicheko cha mwezi wa 2. Makala nayo, mvua ikiharibu barabara za msitu, yanapanda. Anayenunua unga meka moja moja, na makala fungu moja moja, mwisho wa mwezi amelipa zaidi kuliko tajiri anayenunua gunia. Kama huna nguvu ya gunia, ungana na majirani wawili, mnunue na kugawana.

(d) Maharagwe yaloweshwe usiku kucha, ndipo yapikwe. Mbabula itakula makala kidogo. Kando ya nyumba panda lengalenga na matembele. Hivi ni vipande vyetu vya kuokota.

4. Likelemba

Mama 10 wakitoa kila mmoja franga 20,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja wao anapokea 200,000. Likelemba haizai faida. Anayepokea kwanza amekopeshwa na wenzake, na anayepokea mwisho amejiwekea akiba. Kwa hiyo nguvu yake iko katika uaminifu. Mwamini aliyepokea kwanza, kisha akaacha kutoa, amewaibia dada zake, hata kama kila juma anavaa nguo nyeupe na kuimba. Tena, kabla zamu haijafika, amua pesa itafanya kazi gani: masomo, mbegu, mabati, mtaji. Pesa isiyo na kazi inajitafutia kazi yenyewe.

5. Vilio, ndoa na sadaka

Hapa ndipo nyumba nyingi zinavunjika. Papa amekufa, watu wanajaa uwanjani, na familia inakopa ili wageni wale. Watu wanaondoka wakisifu, "kilio kilikuwa kikubwa." Lakini baada ya mwezi mjane yuko peke yake na deni, na mtoto wake amekatishwa masomo. Tumemheshimu marehemu namna gani, kama tumewafanya watoto wake kuwa na njaa?

Hatusemi tuache desturi ya kulia pamoja. Mtu asiyeliliwa na watu ni huzuni kubwa. Tunasema mgeni asije mikono mitupu. Mmoja alete unga, mwingine makala, vijana wachote maji, wamama wapike, na kitakachobaki kiwe cha mjane. Ndoa vilevile: furaha ya arusi haiko katika idadi ya kreti za vinywaji.

Na sadaka? Tuseme wazi: usikope pesa kwa faida ili uonekane umetoa mbele ya kanisa. Mungu hadai kutoka kwako kilicho cha mwingine. Kidogo chako kilicho halali ni kikubwa mbele zake.

6. Furaha isiyo na bei

Maisha tele ni nini? Ni papa anayelala bila kuogopa mgongaji wa mlango. Ni jamaa wanaozunguka sahani moja ya bukari na kucheka. Ni kwaya jioni, ngoma na sauti nne. Ni kutembelea mgonjwa kwa miguu, kutoka Kikula mpaka Panda. Ni kumfundisha mjukuu hadithi za ukoo. Ni sikukuu moja iliyotayarishwa miezi mitatu, kuku akachinjwa, na kesho yake hakuna anayedai. Furaha ya namna hii haifuatwi na majuto.

Maswali ya kujifunza nyumbani na katika vikundi

1. Ni vipande gani vinavyotupwa katika nyumba yetu kila juma?
2. Papa na mama wanahesabu pamoja, au kila mmoja peke yake?
3. Kikundi chetu kitafanya nini ili kilio kijacho kisiache deni?
4. Taja mambo matatu yanayokupa furaha na yasiyoomba hata franga moja.

Mwenye masikio asikie. Mungu atujalie kushiba kwa shukrani na kuokota kwa hekima. Amina.