SOMO LETU: KUSOMA PICHA YA MTOTO JUU YA FARASI

Hapa Kisawasawa tumezoea kusoma maneno. Leo tusome picha. Picha nayo husema, na mara nyingine hudanganya.

Picha yenyewe

Poland ni nchi ya Ulaya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia mwaka 1942, wakimbizi wake wengi walikaa Tengeru, karibu na Arusha. Katika karne ya 19 matajiri wa Poland waliwachoresha watoto wao wakiwa juu ya farasi.

Kwetu bonde la Kilombero farasi ni mgeni. Ndorobo humwambukiza nagana, akafa. Basi tumfikirie hivi: mgongo wa farasi mkubwa hufika mabegani mwa mtu mzima. Mtoto wa miaka sita hampandi bila kuinuliwa. Lakini pichani amekaa wima, ameshika hatamu, na mawingu yako nyuma ya kichwa chake. Ni kama tunaambiwa, "Huyu amezaliwa kuamuru." Je, hiyo ni sifa ya mtoto, au ni mali ya baba yake?

Mtindo huo ulikuwa wa zamani. Karibu na mwaka 1635, Velázquez wa Hispania alimchora hivyo Baltasar Carlos, mtoto wa mfalme. Watu waonyeshwe mfalme wa kesho. Mtoto yule alifariki mwaka 1646, ana miaka 16, hajatawala hata siku moja.

Nani hayumo?

Tulipozungumza habari hii darasani, mama mmoja aliuliza, "Na aliyemlisha huyo farasi yuko wapi?"

Swali zuri! Katika sehemu ya Poland iliyotawaliwa na Austria, wakulima walilazimishwa kulima mashamba ya mabwana bila ujira mpaka mwaka 1848. Jasho lao ndilo lililomnunua farasi na kumlipa mchoraji. Lakini pichani hawamo.

Hata hivyo, Piotr Michałowski (1800-1855), mchoraji hodari wa farasi, naye mwenyewe bwana shamba, alimchora pia mkulima aitwaye Seńko. Hakumpa farasi wala nguo za fahari. Alimpa heshima yake. Leo picha ile inahesabiwa miongoni mwa kazi zake bora.

Tufanye nini?

Mtu akituletea tangazo lenye picha, la mbegu, la dawa au la mgombea, tusikimbilie kusema, "Nimeona." Kuona si kusoma. Tujiulize maswali matatu: Nani aliyelipia picha hii? Anataka tuamini nini? Nani hayumo?

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini tajiri alitaka mtoto wake achorwe juu ya farasi?
2. Ungechorwa wewe, ungeshika nini mkononi? Kwa nini?
3. Tazama picha moja ukutani kwako. Andika sentensi tano juu ya mtu asiyeonekana ndani yake.