Safari ya Ghafla ni ya Nani?

Nianze kwa swali. Je, mwenzi wako amewahi kukuambia "Twendeni!" wakati hamjapanga lolote, watoto wakashangilia, nawe ukabaki umesimama na mkoba mkononi ukihesabu fedha kichwani? Kama hayajakupata, soma hata hivyo, maana yatakupata. Leo tujifunze juu ya safari za ghafla za familia, nami nitatumia safari moja yetu wenyewe. Haikuwa ya Naivasha wala ya Malindi. Ilikuwa huko India, mwezi wa Mei mwaka 2014, katika mji wa pwani uitwao Mahabalipuram, ambao kwa jina jingine ni Mamallapuram.

Mume wangu alikuwa masomoni katika jiji la Chennai, nasi tukamfuata, mimi na watoto watatu. Tulikaa katika vyumba viwili. Tangu Kwaresima ya mwaka ule mama yangu alikuwa mgonjwa huku nyumbani, nami nilikuwa nikitia akiba katika bahasha, rupia kidogo kila wiki, ili nipate nauli ya kuja kumwona. Juu ya bahasha nilikuwa nimeandika neno moja tu: MAMA. Jumamosi moja nikampa mume wangu aipeleke benki. Miaka ile benki za India zilifunga mapema siku ya Jumamosi, naye alichelewa akakuta milango imefungwa. Bahasha ikabaki katika mfuko wa koti lake. Hakuniambia, nami sikuuliza.

Kesho yake tulisali misa ya asubuhi katika kanisa kuu la San Thome, ambalo kwa mapokeo ya Wakristo wa huko limejengwa juu ya kaburi la Mtume Tomaso. Tulipotoka nikaelekea kituo cha basi kama kawaida. Mume wangu akasimamisha teksi.

"Mama watoto, ingieni. Leo tunaenda kuona bahari."

"Bahari si hii hapa nyuma ya kanisa?"

"Bahari nyingine," akasema, na watoto walikuwa wameshaingia ndani.

Tulikuwa na viatu vya kanisani, chupa moja ya maji na kitambaa kimoja cha mtoto. Mwezi wa Mei joto la Chennai huweza kufika nyuzi 40. Nakueleza haya, ndugu msomaji, ili uelewe kwamba kwa mwanaume safari ya ghafla huanza mlangoni, lakini kwa mama wa watoto huanza siku moja kabla, katika kupika, kufua na kufunga. Ukiiondoa siku hiyo moja, kazi yake haiondoki. Huifanya njiani, akiwa amekaa kwenye kiti cha nyuma.

Safari yenyewe ni ya kilomita 50 hivi kuelekea kusini, kwa barabara inayofuata pwani. Watoto waliona bango la bustani ya mamba wakapiga kelele tusimame, hatukusimama. Kabla ya hapo, tulipofika penye kizuizi cha kulipia barabara, mume wangu alitia mkono katika koti akatoa bahasha. Niliutambua mwandiko wangu.

Nikanyamaza. Kina mama wenzangu, mnajua kunyamaza kulivyo. Si ule ukimya wa mtu asiye na la kusema. Ni ukimya unaopiga kelele hata dereva anausikia. Nilidhani namwadhibu mume wangu. Kumbe niliowaadhibu ni watoto, ambao kila dakika waliniangalia usoni kujua kama wana ruhusa ya kufurahi. Hapa nakubali kosa langu bila kuzunguka. Ningeweza kusema sentensi moja: "Hizo ni za mama, nimeumia, tutazungumza jioni." Sentensi hiyo ingetosha, na siku isingeharibika asubuhi yote.

Mji wenyewe ulipewa jina la mfalme wa ukoo wa Pallava wa karne ya 7, aliyejulikana kwa sifa ya Mamalla, yaani bingwa wa mieleka. Yeye na waliomfuata walichonga miamba ya pale kwa namna ambayo sijaona kwingine. Kuna mahekalu matano yaitwayo Ratha, na kila moja limechongwa katika mwamba uliokuwapo hapo hapo, kuanzia juu kushuka chini, bila kujenga jiwe juu ya jiwe. Lililo dogo kuliko yote lina umbo la kibanda cha kuezekwa kwa nyasi. Mwanangu wa pili akasema, "Mama, ni nyumba ya shosho!" Nikacheka, halafu nikakumbuka shosho anaumwa, nikaudhika upya. Kibanda hicho kimepewa jina la Draupadi, mwanamke ambaye katika masimulizi ya Kihindu aliolewa na ndugu watano. Swali lililofuata kutoka kwa kifungua mimba wetu nalimwachia baba yake alijibu, na sijui mpaka leo alijibu nini.

Tiketi ziliniongezea uchungu. Wakati ule mwenyeji alilipa rupia 10, mgeni 250, ambazo ni zaidi ya shilingi 300 zetu. Watoto chini ya miaka 15 waliingia bure. Kwa hiyo sisi wawili tulitoa rupia 500, nami nilimwona kila noti ikitoka kwenye bahasha ile kama hatua moja ya kunirudisha nyuma nisifike kwa mama.

Sasa nawaombeni mtulie hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipofundishwa. Katikati ya mji kuna ukuta wa mwamba wenye urefu wa karibu mita 30, umechongwa miungu, watu, tembo wakubwa na wana wao, na ufa mrefu katikati ambamo inasadikiwa maji yalitiririshwa zamani. Pembeni mwa mguu wa tembo yuko paka aliyesimama kwa miguu ya nyuma, mikono juu kama mtawa anayefunga na kusali, huku panya wamemzunguka. Watoto walimpenda huyo kuliko tembo wote. Kijana mmoja mwongoza wageni akatuambia kwamba wataalamu hawakubaliani juu ya mwamba ule. Wengine husema unaonyesha shujaa Arjuna akijitesa kwa toba ili apewe silaha na mungu wake. Wengine husema unaonyesha mto Ganges ukishuka kutoka mbinguni, na toba ile ni ya mtu mwingine kabisa. Kila upande una ushahidi, na mwamba ni ule ule.

Nilimgeukia mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu kizuizi kile, nikamwona. Alikuwa anautazama mwamba bila kuuona. Mimi nilikuwa nimeisoma siku nzima kama siku ya bahasha. Yeye alikuwa anasoma kitu kingine, nami sikuwa nimeuliza ni nini.

Jioni jua lilipopungua tulikwenda kwenye hekalu la ufukweni, lililojengwa kwa mawe ya kuchonga mwanzoni mwa karne ya 8. Upepo wa chumvi umelamba sanamu zake hata nyuso nyingine hazitambulikani. Ni huko ambako wakati wa tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 bahari ilirudi nyuma, na watu wakaona mawe ya kale yaliyokuwa yamefichwa chini ya maji. Watoto walikimbia mchangani. Ndipo nikamuuliza, "Baba watoto, kuna nini?"

Akaniambia. Alhamisi alikuwa amepata barua kwamba fedha za masomo yake hazitaendelea kupita Desemba. Ama amalize kuandika kazi yake kwa muda wa miezi saba, ama arudi nyumbani mikono mitupu. Alikuwa ameibeba barua ile siku tatu. "Nyumbani kwetu ukikohoa, watoto wote watatu wanasikia," akasema. "Nilitaka mahali pa kukuambia. Nilipofika mlangoni pa kanisa nikaona nisipoondoka sasa, sitasema kamwe."

Je, alikuwa na haki? Mgala muue na haki yake mpe. Haki yake ilikuwa kutafuta nafasi ya kusema, na wanaume wengi hawasemi wakiwa wamekaa uso kwa uso mezani. Husema mkitembea, mkitazama kitu kingine pamoja. Mke mwenye busara hulijua hilo na hutumia. Lakini kosa lake lilikuwa kosa. Fedha zilizoandikwa jina la mgonjwa si fedha za matembezi, hata kama matembezi yana sababu nzuri, na "nilikusudia kurudisha" haifuti kitu. Nilimwambia hivyo, pale pale, kwa sauti ya chini. Aliomba radhi bila kuongeza neno "lakini". Nami nikaomba radhi kwa ule ukimya.

Najua kuna msomaji atakayeuliza: ilifaa kweli kuwapeleka watoto wa Kikatoliki kwenye mahekalu ya Wahindu? Hekalu lile la ufukweni na yale matano hutunzwa na idara ya serikali ya mambo ya kale, na tangu 1984 yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Katikati ya mji liko hekalu ambalo watu husali hadi leo. Hapo tulisimama nje, tukawaambia watoto kwamba sala ya mtu si maonyesho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitufundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Mtoto anayejua imani yake haipotezi kwa kutazama jiwe.

Nyumbani tuliweka mapatano, nayo tunayafuata hadi leo. Bahasha yenye jina la mtu haiguswi ila mwenye kuiandika ameambiwa kwanza. Kuna mkebe mdogo wa safari za ghafla, ukiwa mtupu hatuendi, na hakuna anayenuna. Anayesema "twendeni" ndiye anayebeba maji na nguo za kubadilisha. Hili la tatu lilipunguza sana safari za ghafla kwa mwaka wa kwanza, halafu zikarudi, zikiwa na chupa za kutosha.

Kuijaza bahasha upya kulichukua wiki sita. Nilifika kwa mama mwezi wa Agosti. Sauti yangu aliitambua, uso hakuutambua tena. Sijui kama wiki sita zile zingeleta tofauti, na nimeacha kumuuliza mume wangu swali ambalo hawezi kulijibu. Yeye alimaliza kazi yake Novemba.

Kwa mazoezi ya mwezi huu, tafuteni jioni moja watoto wakiisha kulala. Kila mmoja akumbuke safari moja mliyofanya bila mpango, iwe ya mbali au ya sokoni tu, aandike kwenye karatasi yake mambo matatu: nani aliamua, fedha zilitoka wapi, na ni jambo gani alitaka kusema siku ile asiseme. Msisomeane siku hiyo hiyo. Zisomeni Jumapili baada ya misa, mkitembea kurudi nyumbani, watoto wakiwa wametangulia mbele.